Pipa la Mjomba

Walisema sitamaliza hata msimu mmoja wa mvua. Walisema mbele yangu, tena wakinitazama viatu. Katika kitongoji chetu, juu ya Matombo, pale barabara ya gari inapokoma na migomba kuanza kupanda mlima pamoja na njia, mtu aliyetoka mjini hupimwa viatu kwanza. Vyangu vilikuwa vyeusi, vya ngozi, nimevinunua kwa jasho langu, na sikuona sababu ya kuvificha.

"Huyu Bwana Afya wetu," alisema mama mmoja muuza ndizi, jirani yetu, ambaye mdomo wake unajulikana mpaka sokoni, "mvua ikichanganya tu atashuka na kabegi kake. Watu wa Dar wanaijua mvua ya kwenye televisheni."

"Mama, mimi nimezaliwa nyumba ile pale."

"Kuzaliwa ulizaliwa. Nilikuwepo, nilimshika mama yako mguu. Lakini kuondoka nako uliondoka."

Watu wakacheka. Mwingine akasema stashahada yangu haitauzuia mlima kuporomoka. Hilo lilikuwa kweli, nami sikuwahi kusema itauzuia.

Nitajisifu kidogo, kwa kuwa hakuna aliyenilipia chochote kati ya vitu ninavyojisifia. Nilibeba kabichi Mlali nikiwa kijana. Niliuza mchicha Kilakala, nyumba kwa nyumba, kwa wake za walimu walionijua kwa sauti kabla hawajaniona uso. Nilisoma huku nikilinda duka la mtu. Nikapata stashahada ya afya ya mazingira, wa kwanza katika ukoo wa mama yangu, na nikafanya kazi Dar es Salaam, mabondeni, ambako mafuriko huingia ndani bila kubisha hodi. Huko ndiko nilikojifunza nilichokuja nacho nyumbani. Maji yakishapungua watu huhesabu nyumba zilizokwenda. Mimi nilifundishwa kutazama vyoo. Choo kilichofurika leo ndicho kitakachojaza wodi wiki ijayo, na mtu aliyeokolewa kwenye paa anaweza kufa kwa kikombe cha maji.

Nilipoomba kuhamia zahanati ya kata yetu, wenzangu walidhani nimechanganyikiwa. Nilijua ninachokwenda kufanya. Kitongoji chetu kina chemchemi moja, nayo ipo chini ya mteremko. Nyumba ziko juu, vyoo viko juu, mbuzi wako juu. Mvua kubwa ikinyesha udongo huteremka, na kila kilichomo ndani yake huteremkia kwenye chemchemi. Siku hiyohiyo barabara hukatika na simu hupoteza mtandao. Zahanati iko ng'ambo ya mto. Kwa siku kadhaa watu wanabaki mlimani na maji ya tope, na hapo ndipo matumbo ya kuhara huanza. Mlima sikuweza kuushika. Kikombe niliweza.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi kiasi kwamba nilishangaa hakuna aliyeufikiria. Kwenye ukingo wa juu, mahali ambapo udongo haujawahi kuteremka, lipo kanisa la kigango na nyuma yake stoo ya bati. Nilitaka stoo ile iwe na maji safi, yaliyotiwa klorini, ya kuwatosha watu wote mpaka njia ifunguke. Kengele ya kigango ikilia nje ya saa za ibada, maana yake ni moja: usiguse chemchemi, usiguse mto, panda juu ukanywe.

Kilichokosekana ni vyombo. Bajeti ya kata ilikuwa na mambo yake. Basi nikapita nyumba kwa nyumba kuazima.

Kwetu, ukiazima chombo cha mtu hukirudishi hivihivi. Unaweka kitu ndani: ndimu, mchaichai, kisamvu, ndizi mbili tatu, hata chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Kumrudishia mtu chombo kitupu ni kumwambia kwamba ujirani wenu umeishia hapo. Kwa hiyo kila aliyenipa ndoo alijua ninabeba deni lenye kitu ndani yake, nami nilijua pia.

Wa kwanza kunipa alikuwa yuleyule muuza ndizi. Alitoa ndoo nyekundu yenye mfuniko.

"Ikirudi na ufa nitakufuata mpaka zahanati," alisema. "Nitakuaibisha mbele ya wagonjwa."

Baada yake wakatoa wote. Ndoo, madumu, madiaba, mitungi ya udongo, mapipa. Chombo kikubwa kuliko vyote kilitoka kwa mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama yangu: pipa la bluu alilolinunua enzi akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Alilitoa mbele ya watu.

"Mpwa wangu hatakosa pipa mimi nikiwa hai," alisema.

Asiye Mluguru aelewe jambo moja hapa. Kwetu ukoo na ardhi hufuata upande wa mama. Baba anakupa jina. Mahali pa kujenga na kulima utapewa na mjomba. Ukingo ule wenye kigango ni ardhi ya ukoo wa mama yangu, na mjomba ndiye msimamizi wake. Bila neno lake nisingeweka hata kikombe pale. Ndiye aliyeniruhusu, na ndiye niliyemkabidhi ufunguo wa stoo, kwa kuwa nyumba yake ndiyo iliyo jirani na kufuli, na kwa kuwa nilimpenda.

Kila Jumamosi nilipanda kubadilisha maji, nikayatia dawa, nikayapima kwa kifaa changu kidogo, nikafunga. Vijana wakaniita Daktari wa Mapipa. Sikukasirika. Niliona jina hilo ni la heshima kuliko walivyokusudia.

Mwezi wa Desemba niliitwa mjini kwenye semina ya kujiandaa na maafa. Nilisimama mbele ya maofisa wa wilaya kadhaa nikaeleza habari za mapipa yangu, na walipiga makofi ya kweli, si yale ya kuamsha waliosinzia. Mwendeshaji aliniomba nieleze tena kwa ajili ya waliochelewa. Nilieleza tena, vizuri zaidi ya mara ya kwanza.

Juma hilohilo, nyumbani, walikuwa wanamtoa mwali. Binti wa dada yangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa amekaa ndani akifundwa, na siku ya kumtoa wageni hutoka kila upande, ngoma hupigwa, na mjomba mkubwa wa ukoo ndiye mwenye jukumu la pombe. Nilituma mchango wangu na kuomba radhi kwa kutokuwepo.

Nilirudi mvua za vuli zikiwa zimechanganya. Nilimkuta mjomba njiani, amejifunika mfuko wa mbolea kichwani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa. Mjini wazima?"

"Wazima. Mwali katoka salama?"

"Katoka vizuri sana. Umekosa uhondo."

"Na maji yangu?"

"Yamejaa mpaka juu," alisema, akapita.

Mchana wa siku iliyofuata mteremko ukakatika. Haukuua mtu. Ulikwenda na migomba, mabanda ya mbuzi na vyoo vya nyumba za juu, vyote vikaishia kwenye chemchemi, na tope likalala juu yake kama ugali. Nilikimbia nikapiga kengele mpaka mikono ikauma. Watu walipanda na watoto, na magodoro, na kuku waliofungwa miguu. Mjomba akafungua stoo. Nikachota kwa mkono wangu, kikombe baada ya kikombe, na nikiri kwamba sijawahi kujisikia mtu mkubwa kama saa ile.

Muuza ndizi alikunywa, akaongezwa, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Matamu haya," alisema. "Leo hayanuki ile dawa yako."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilidhani ananisifu kwa namna yake. Kifaa cha kupimia kilikuwa mfukoni. Lakini mjomba alikuwa amesimama pembeni yangu na ufunguo mkononi, na kuyapima maji yale saa ile kungekuwa kumpima yeye.

Tulikuwa bado tumetengwa na zahanati matumbo yalipoanza. Yalianza kwa watoto, yakaja kwa wazee, kisha kila nyumba. Nilizunguka na maji ya chumvi na sukari, nikifundisha kina mama kunywesha kijiko kwa kijiko. Muuza ndizi alizidiwa kuliko wote. Macho yaliingia ndani, ule mdomo ukakosa neno. Wanaume walimbeba kwenye machela juu ya tope, wakavuka mto wameshikana mikono, na muuguzi wa zahanati akamtundikia dripu mpaka fahamu zikamrudia. Hakufa. Hakuna aliyekufa, na ninamshukuru Mungu na maji ya chumvi na sukari. Lakini tulikaribia.

Mimi sikuelewa. Nilirudia hesabu ya dawa kichwani, nikarudia tena. Mapipa yalipokwisha nilikwenda kuyaosha. Niliinama ndani ya pipa la bluu, nikapitisha mkono chini, na mkono ukatoka na machicha. Machicha ya pombe, yameganda kwenye ukingo wa chini, yananuka chachu. Nikapitisha mkono kwenye pipa lingine. Nikafunua diaba, nikafunua mtungi. Vilevile.

Nilimkuta mjomba barazani kwake anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

Nikafungua kiganja. Aliyatazama machicha, kisha akatazama njia kana kwamba kuna mtu anakuja.

"Kaa," alisema.

"Nitasimama."

"Kaa bwana, usinisimamie kama polisi."

Nikakaa.

"Vyombo vyote vya kitongoji ulikuwa navyo wewe," alianza. "Vyote! Mwali anatoka, wageni wanatoka mpaka Mlali, mjomba ni mimi. Pombe ningeichachulia wapi? Kwenye kofia?"

"Ungenipigia simu."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

"Sasa si unaona?"

"Naona ulimwaga maji. Hilo nalielewa. Lakini kwa nini ukajaza ya mtoni? Kwa nini usiniambie tu kwamba vyombo ni vitupu? Ningekuja na dawa, tungeteka, tungetibu."

Hapo akaendelea kuchonga mahali ambapo palikuwa tayari laini.

"Ulivyokuwa unajivuna na maji yale," alisema mwishowe, "sikutaka urudi uyakute hayapo."

Mpaka leo sijui kama jibu lile lilikuwa la upendo au la dhihaka. Nilimwambia kwamba mtendaji wa kijiji ameitisha mkutano Jumapili baada ya ibada, na kwamba watu wanasema dawa yangu ndiyo iliyowadhuru. Nikamwomba asimame aseme mwenyewe. Kwetu mpwa hamfichui mjomba wake hadharani. Mjomba mwenyewe ndiye anayesimama. Nilimweleza pia kwa nini haiwezi kungoja: masika yanakuja, na masika kwetu ni makubwa kuliko vuli. Watu wakiamini maji ya ukingoni ni sumu watakunywa ya mtoni, na safari ijayo machela haitatosha.

"Nitasema," alinijibu.

"Kweli mjomba?"

"Nimekwambia nitasema. Mimi ni mama yako wa kiume. Nitakutupa?"

Jumapili uwanja wa kigango ulijaa. Muuza ndizi aliletwa akakalishwa kwenye kiti, amekonda, kanga imemzidi. Sauti ndiyo iliyokuwa imerudi.

"Bwana Afya," alisema, "mimi nilikupa ndoo, wewe ukanipa kuhara. Tumelipana?"

Watu waliangua kicheko ambacho hakikuwa cha furaha. Mwingine akapaza sauti, "Tuonyeshe kwenye cheti chako palipoandikwa utuue!" Mwingine, "Daktari wa Mapipa, mwenyewe hukuharisha?" Nilikuwa nimeharisha kama wao, lakini nani angesikiliza hilo.

Mtendaji akauliza kama kuna mzee mwenye neno. Mjomba akasimama, akavua kofia. Nilipumua. Nakumbuka nilitazama hata mahali alipokanyaga, nikiona huruma kwa jambo gumu analokwenda kulifanya.

"Ndugu zangu," alisema, "kijana wetu amesoma, hatukatai. Lakini dawa ni dawa. Ikizidi inadhuru. Mkono uliteleza. Ni mtoto wetu, tumsamehe."

Akavaa kofia, akakaa.

Nimewahi kutukanwa na matajiri nikiwa kibarua. Nimewahi kunyimwa ujira wa mwezi mzima na mtu niliyemlindia duka. Hakuna kilichonipata kama neno lile, tumsamehe, kutoka kwenye mdomo ule, kwa sauti ya upole, mbele ya watu waliokuwa wanaitikia kwa vichwa kuafiki wema wake. Nilisimama. Machicha yalikuwa mfukoni, nimeyafunga kwenye karatasi. Nikamtafuta mama yangu kwenye mkeka wa wanawake. Alikuwa ameyaona machicha yale nyumbani. Alijua kila kitu. Alinitazama akatikisa kichwa kidogo, kidogo sana. Alikuwa ananiomba nisimvue nguo kaka yake mbele ya watu.

Nikakaa. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyofanya mlimani pale, na ndilo pekee ambalo hakuna aliyelipigia makofi.

Mtendaji akauliza kila mtu achukue chombo chake au vipi. Nilitegemea wavamie stoo. Lakini hakuna aliyeinuka.

"Mimi ndoo ile siitaki hivyo ilivyo," alisema muuza ndizi. "Nitatekea maji ya wajukuu kwenye kitu kilichonilaza? Kaa nayo. Ioshe mpaka roho yako itulie. Na siku utakayoirudisha utakunywa ndani yake mbele yangu, wewe kwanza."

"Na yangu!" wakasema wengine. "Na yangu!"

Hivyo ndivyo nilivyobaki na vyombo vyote vya kitongoji na bila mnywaji hata mmoja.

Mama hakuniambia mengi jioni ile. Alinipakulia chakula, akasema, "Kaka yangu ni kaka yangu. Lakini yale maji ni yako. Usiyaache."

Sikuyaacha. Nilinunua kufuli jipya, na ufunguo ukakaa shingoni mwangu. Nilivisugua vyombo vyote kwa mchanga na sabuni, nikaviosha kwa dawa. Nilihamisha choo cha mama yangu upande wa pili wa nyumba, mbali na mteremko, nikachimba mwenyewe, na viatu vile vyeusi nikavitundika ukutani. Baadhi ya majirani walikuja kutazama shimo, wakaondoka, na baada ya siku chache nikasikia majembe nyumbani kwao. Lakini kuhusu maji walikuwa na msimamo wao. Kila Jumapili baada ya ibada nilitoa kikombe, nikachota stooni, nikanywa mlangoni. Mama akanywa. Watu walipita wakitutazama kama watu wanaokula udongo.

Mjomba nilimwamkia kila siku. Shikamoo ni haki ya umri wake, sikumnyima. Naye aliitikia vizuri, akaniuliza habari za kazi, akanichekea, kama vile yeye ndiye aliyenifadhili. Nafikiri alifika mahali akaamini kwamba kweli mkono wangu uliteleza.

Masika yakaja. Yalinyesha mpaka migomba ikalala, na siku moja, saa za mchana, mlima ukatoa ule mlio ambao aliyewahi kuusikia hausahau, kama lori linalomwaga kokoto. Nikakimbilia kengele. Nilipiga, nikaacha, nikapiga tena. Chini niliona watu wanatoka kwenye nyumba zilizo karibu na mporomoko. Walipanda, ndiyo, walikimbia udongo. Lakini walikuja na madumu yao, na madumu yalikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa.

"Msinywe hayo," nilisema. "Jamani, msinywe hayo."

"Haya tunayajua," alijibu baba mmoja, akamimina kikombe kwa ajili ya mwanawe.

Sikuwa na la kufanya zaidi. Nilifungua stoo, nikachota, nikampa mama. Alikunywa mbele yao taratibu, kama mtu anayekunywa uji wa moto. Yule baba alishika kikombe chake bila kukipeleka kwa mtoto. Ndipo muuza ndizi akasogea, amejifunga kanga kiunoni.

"Nimekuja kuangalia tu," alisema. "Sinywi."

"Angalia, mama."

Aliinamia ndoo yake nyekundu. Akanusa. Akainua uso.

"Yananuka."

"Ndiyo dawa. Yanatakiwa yanuke hivyo."

"Yale ya Desemba hayakunuka hivi. Nilikwambia siku ileile."

"Uliniambia."

Alinusa tena. Niliona anakumbuka. Alikuwa na pua ya mtu aliyepika pombe ujana wake wote.

"Yale yalikuwa na utamu," alisema polepole. "Ule utamu..." Akageuka akatazama upande wa nyumba ya mjomba, kisha akanigeukia. "Wakati ule ufunguo alikuwa nao nani?"

Nilichota kikombe nikashika tu mkononi.

Hakuuliza mara ya pili. Alinipokonya kikombe, akanywa chote, akakohoa kwa sababu ya dawa.

"Mabaya kweli!" alipiga kelele. "Yananuka kama hospitali! Haya mnangoja nini? Mwageni matope yenu hayo mje mnywe. Wewe baba nanii, mwaga! Unataka nibebe mwanao kwenye machela kwa mgongo huu?"

Baba akamwaga. Wa pili akamwaga. Waliokuwa nyuma hawakujua kilichobadilika, lakini walimjua yule mama, wakapanga mstari. Mjomba alikuwa amekuja pia. Alikunywa zamu yake ilipofika, na mimi ndiye niliyemchotea.

Barabara ilichukua muda mrefu kufunguka kuliko wakati wa vuli. Muuguzi wa zahanati alipofanikiwa kuvuka, amebeba sanduku la dripu kichwani, aliuliza wagonjwa wako wapi. Tukamwambia hakuna. Akauliza tena, akidhani hatujamwelewa. Hiyo ndiyo sifa ninayojipa na sitamgawia mtu: mlima uliporomoka, na zahanati haikupokea tumbo hata moja kutoka kwetu. Wale waliosema sitamaliza msimu walikuwa hai wote, na matumbo yao yametulia.

Baada ya masika tulipata simtanki. Nilichangia kwa kabichi nilizolima shambani kwa mama, kigango kikachangia, mtendaji akapata nguvu ya kuibana kata. Lori lililiacha pale barabara inapoishia, na wanaume walilipandisha kwa miti mabegani, wakiimba, muuza ndizi nyuma yao akiwakosoa. Lilipokaa ukingoni na kujaa, vyombo vya watu havikuwa na kazi tena. Siku ya kulipa ikawa imefika.

Nilitenga siku nzima. Nilivaa viatu vyangu vyeusi. Kila chombo nilikiosha, nikaweka kitu ndani, ndimu za mama, mchaichai, mdalasini nilioutoa kwenye miti yetu, kabichi kwa waliotoa mapipa. Na kwenye kila chombo nilianza kwa maji kidogo yaliyotiwa dawa, nikanywa mbele ya mwenyewe kama nilivyoamriwa, kisha ndipo nikaweka zawadi. Watoto walinifuata wakicheka. Kufikia mchana tumbo langu lilikuwa linapiga mawimbi.

Muuza ndizi alinisubiri mlangoni na mikono kiunoni.

"Kunywa."

Nikanywa.

"Yote."

Nikamaliza. Aliigeuza ndoo juani, akatafuta ufa, akakosa. Nikatia zawadi yake. Akachungulia, akaona kabichi, ingawa alikuwa mwenye ndoo tu.

"Kabichi kubwa hivi, unataka kunioa?" alisema, na wajukuu wake wakaanguka kwa kicheko. Kisha akapunguza sauti. "Bado nyumba ngapi?"

"Moja."

Alinitazama, akatazama pipa la bluu lililokuwa limebaki peke yake njiani. Alitoka akasimama nyuma ya ua wake, mahali panapoonekana.

Nilibeba pipa begani, mdomo wake wazi umetazama nyuma, bila mfuniko, ili kila anayekutana nami aone. Walioniona walisalimia, wakatazama ndani, wakanipisha. Mmoja aliacha kupepeta mchele. Nilipanda njia ile taratibu, sikuwa na haraka. Nilikuwa nimebeba kitu chepesi kuliko vyote nilivyobeba siku ile.

Mjomba alikuwa barazani, mkewe pembeni anamenya mihogo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu! Karibu, karibu. Tumesikia unagawa neema leo."

"Nimeleta pipa lako."

Nililiteremsha mbele yake, nikalisimamisha vizuri lisiyumbe. Nililisugua kuliko vyombo vyote, lilikuwa linang'aa. Mkewe aliacha kisu. Mjomba akainuka huku anatabasamu, akainama kutazama ndani, kama anavyofanya kila mtu chombo chake kinaporudi nyumbani, akaingiza na mkono.

Nilimwangalia mpaka mkono ulipogusa chini. Kisha nikamuaga, nikashuka.